Mfalme Aliyejuta Mbali

Bi Rahila bint Said alianza kusomesha Maskati mwezi wa Oktoba, mwaka 1970, kwenye skuli ya wasichana ambayo ilikuwa haina hata dawati moja. Ilikuwa nyumba ya kupanga karibu na lango kubwa la mji, vyumba vitatu na ua mpana. Wanafunzi walikaa juu ya mikeka, na waliokosa nafasi ndani walisomea uani chini ya paa la makuti ya mtende. Vitabu waliambiwa vinakuja na meli. Meli zikaja, vitabu havikuja.

Hilo halikumtisha. Mwenyewe alikuwa amezoea kuanza na mikono mitupu. Alizaliwa Unguja, akaolewa Unguja na mwalimu wa historia aliyeitwa Sleyum, na Januari ya mwaka 1964 Sleyum alitolewa nyumbani kwao asubuhi, kikombe cha chai kikiwa bado cha moto, na watu ambao Rahila akiwajua kwa majina. Hakurudi. Hakupewa maiti, hakuoneshwa kaburi. Na katika miaka yote iliyofuata hakuna hata mtu mmoja aliyepata kumwambia, tulikosea.

Rahila alikimbilia Bombay kwa jamaa za mama yake, akakaa huko miaka sita akifundisha watoto wa Kiarabu. Sultani mpya aliposhika nchi na Waomani waliotawanyika wakaitwa warudi, shemeji yake Marhoon, kaka wa Sleyum, alikuwa wa mwanzo kufika. Kiingereza chake kikampatia kazi nzuri serikalini, naye akamwita Rahila aje akae nyumbani kwake pamoja na mkewe.

"Njoo kwetu," alimwambia. "Basi, tangatanga imekwisha."

Kwenye darasa la Rahila walikuwamo wasichana wa kila umri. Mdogo kabisa alikuwa Hamdiya, binti wa nyumba kubwa ya Maskati, mwenye meno mawili yaliyong'oka na maswali yasiyokwisha. Mkubwa kabisa alikuwa Bakhita, mwanamke mzima wa miaka ishirini hivi, akikaa nyuma karibu na mlango, magoti ameyakunja ili asiwazibe watoto. Mpaka Julai ya mwaka ule Bakhita alikuwa mtumwa katika nyumba ya wakubwa fulani. Neno lenyewe watu walikuwa wameshaanza kuona haya kulitamka, wakisema tu, "Bakhita alikuwa kwa fulani." Kiswahili alikirithi kwa bibi yake, na ndiyo maana alipenda darasa la Rahila, kwani Rahila Kiarabu kikimwishia hukimbilia Kiswahili, na nusu ya darasa humfuata.

Bila ya vitabu, Rahila aliamua kufundisha historia kwa kile alichokiona kwa macho yake. Akawasimulia habari za mfalme Ashoka.

Yeye alimjua mfalme huyu kwa safari moja. Huko Bombay alikuwa na jirani, Kheiria, mwenyeji wa Junagadh, na sikukuu moja walikwenda pamoja kwa treni kuwaona wazee wa Kheiria. Njiani kuelekea mlima wa Girnar kuna jiwe kubwa kama nyumba, limeandikwa kila upande kwa herufi za zamani. Mlinzi wa pale alikuwa mzee mchangamfu, akawafasiria. Mfalme aliyeamrisha maneno yale, alisema, aliishi zaidi ya miaka mia mbili kabla ya Nabii Issa, na himaya yake ilienea karibu Bara Hindi zima. Mwaka mmoja aliivamia nchi ya Kalinga. Waliuawa watu laki moja, wakachukuliwa mateka laki moja na nusu, na waliokufa baadaye kwa njaa na maradhi hawana hesabu. Kisha mfalme, mshindi, akaandika juu ya jiwe kwamba anajuta. Kwamba moyo unamuuma. Kwamba kila aliyefiwa na mtu wake katika vita vile, msiba wake ni mzigo kwake yeye mfalme.

Rahila alishika ukuta mdogo uliolizunguka jiwe, akalia. Tangu Januari ile alikuwa hajalia. Kheiria alidhani jua limempiga.

Toka siku hiyo alisoma kila alichokipata juu ya mfalme yule na kazi za mafundi wake. Alitazama picha za nguzo za jiwe, kila moja kipande kimoja kirefu kuliko nyumba ya ghorofa mbili, zilizokokotwa mamia ya maili na kusuguliwa mpaka zikang'ara kama kioo, na baada ya miaka elfu mbili bado zinang'ara. Juu ya nguzo mashuhuri kuliko zote walikaa simba wanne, mgongo kwa mgongo, vinywa wazi, kila mmoja ameelekea upande wake wa dunia. Chini ya miguu yao walizunguka tembo, farasi, ng'ombe dume na simba mdogo, na katikati yao magurudumu. Hao simba ndio India huru iliowafanya muhuri wake. Wapo hata kwenye noti za rupia zilizokuwa zikitumika Maskati juzijuzi tu.

"Wale simba wa kwenye pesa za baba?" Hamdiya aliuliza.

"Hao hao."

"Kumbe wapo kweli! Tuwafanye basi, mwalimu."

Ndivyo kazi ilivyoanza. Mapipa mawili matupu ya mafuta yalipandishwa moja juu ya jingine uani. Fundi wa jirani akawapa chokaa na ule udongo wa kuchoma wanaojengea Maskati, saruj. Wasichana wakaipaka nguzo yao, wakaisugua kwa kokoto laini za kwenye wadi, ule mto mkavu, na mafuta ya nazi mpaka viganja vikawaiva. Simba waliwafinyanga kwa udongo. Hakuna hata mmoja wao aliyepata kumwona simba, kwa hiyo simba wa kwanza alitoka paka, wa pili akatoka mbuzi mwenye hasira, na waliokaa juu mwishoni walikuwa kitu cha katikati. Bakhita ndiye aliyemtengeneza tembo. Hakuna aliyemfundisha. Mkonga wake ulipinda vizuri hata wenzake wakaacha kazi zao kuja kumtazama.

Jioni wasichana hawakutaka kwenda kwao. Mama zao walianza kuja mlangoni kuwachukua, wakaingia, wakazunguka nguzo, wakacheka simba wale, wakashika ule ung'avu kwa ncha za vidole. Mama yake Hamdiya, Bi Mahbuba, ambaye mumewe alikuwa mtu wa neno lake mjini, alisema kwamba mwanawe hajapata kulala na furaha kama siku zile.

Siku ya tano baada ya kumalizika, alifika mkaguzi wa skuli, Ustadh Aflah.

Alikuwa mtu wa makamo, kanzu nyeupe pe, kilemba kimefungwa kwa ufundi. Aliingia uani na watumishi wawili, akaiona nguzo, akasimama. Hakuitikia salamu ya Rahila.

"Nini hiki?" akauliza kwa Kiarabu.

"Somo la historia, Ustadh. Nguzo ya mfalme wa zamani wa Bara Hindi."

"Nimeuliza nini hiki."

"Ni nguzo. Na simba."

"Masanamu," alisema Ustadh Aflah. "Masanamu ya Mabaniani, katika skuli ya watoto wa Kiislamu."

Rahila alijaribu kueleza. Alisema kwamba hakuna anayeyasujudia, kwamba ni udongo tu, kwamba mfalme yule habari zake ni za toba. Lakini Kiarabu chake alikipata ukubwani, na hasira ikakivuruga. Akakosea kitenzi, akakosea tena. Mkaguzi akatabasamu, akawageukia watumishi wake.

"Mnawasikia hawa wa Zanzibar? Lugha ya Qur'ani wameipoteza huko Afrika, wanatuletea miungu ya Kihindi kufidia."

Kisha akamwita bawabu wa skuli, akamwamuru alete nyundo.

Bawabu alimtazama Rahila. Rahila akasimama mbele ya nguzo. "Wape nafasi watoto watoke kwanza," alisema. "Usiivunje mbele yao. Wameijenga kwa mikono yao."

"Wabaki wote," akasema Ustadh Aflah. "Ndiyo somo lenyewe hilo."

Watumishi wake wakamsogeza Rahila kando, si kwa kumpiga, kwa kumsukuma bega kama mtu anavyosukuma mlango. Bawabu akapiga. Simba walikuwa wepesi, walivunjika kwa pigo moja moja. Tembo alidondoka mzima, akavunjikia chini. Nguzo ilichukua muda, saruj ilikuwa imekamata, na kila pigo lilitoa sauti ya pipa tupu iliyosikika mpaka nje ya lango. Hamdiya alilia kwa sauti. Wengine walilia kimya, shela zao mdomoni. Bakhita hakulia. Alitazama tu, kama mtu aliyeshaona vitu vikivunjwa vyingi zaidi ya hivyo.

Usiku Rahila hakugusa chakula. Marhoon alimwita barazani, akafunga mlango.

"Nimesikia," alisema. "Mji mzima umesikia. Shemeji, nnakuomba, hili liache."

"Niliache vipi? Wamenisukuma, Marhoon. Wamewavunjia watoto kazi yao usoni mwao, na mkaguzi akaita somo."

"Nnajua. Lakini tutazame na sisi tulipo. Sisi hapa ni wageni kwetu. Wanatuita Wazinjibari. Wanatucheka tukisema. Leo nna kazi, kesho akiamka mtu na neno lake, sina. Tumekuja kuanza upya, hatukuja kugombana."

"Wewe kule Unguja walikuita nani?"

Marhoon akautazama mlango, kama umefungika sawasawa.

"Walikuita Mwarabu," Rahila akasema. "Wakamuua nduguyo kwa uarabu wake. Hapa unaambiwa wewe Mwafrika na lugha huna. Sasa sisi tuseme wapi? Tutakuwa watu wa kunyamaza katika kila nchi?"

"Usimtaje Sleyum katika mambo ya masanamu."

"Nnamtaja! Nnamtaja kwa sababu ya huyo huyo mfalme. Mtu mmoja tu katika dunia hii nimemsikia aliyeua akasema hadharani, nimekosa. Mmoja! Na huyo ndiye waliyemvunja."

Marhoon aliinuka akaenda zake ndani. Alikuwa na machozi, wala hakutaka ayaoneshe.

Kesho yake Rahila alikwenda ofisini kwa mkaguzi. Alingojeshwa kwenye ubao wa kukalia pamoja na watu wenye shida zao, mpaka adhana ya adhuhuri. Alipoingia alikuwa ameshapanga maneno yake kwa Kiarabu, ameyarudia moyoni njia nzima.

"Nimekuja kukuomba jambo moja," alisema. "Njoo skuli uwaeleze wanafunzi kosa lao lilikuwa nini."

"Kosa lilikuwa lako, si lao."

"Basi waambie hivyo. Waambie kwamba wao hawana kosa. Kuna mtoto wa miaka saba anadhani amemkufuru Mungu kwa kufinyanga simba."

Ustadh Aflah alifungua kalamu yake, akaifunga. "Mama, mimi sina wakati wa kuwabembeleza watoto. Nchi hii inatoka gizani. Kila mtu anayerudi anarudi na mkoba wake wa vitu alivyookota njiani. Nikiruhusu leo simba wa mfalme kafiri, kesho ntaruhusu nini?"

Hapo Kiarabu kilimtoka Rahila chote. Akasema kwa Kiswahili, haraka, bila ya kujali kama anafahamika.

"Kafiri, ndiyo. Kafiri aliyeomba radhi. Mimi nimewaona wanaoswali, wanaofunga, wamemtoa mume wangu nyumbani hana viatu, na hawajaniomba radhi mpaka leo. Usinitajie kafiri!"

"Punguza sauti yako," alisema Ustadh Aflah. Kwa Kiswahili.

Rahila akashangaa. Kiswahili kilikuwa safi, cha Mji Mkongwe khasa.

"Nilikaa duka la ami yangu Unguja, miaka minane," mkaguzi akasema, safari hii bila ya kumtazama. "Usidhani wewe peke yako umeacha kitu kule. Lakini hapa Kiswahili nimekifunga kwenye sanduku. Na wewe ungefanya vizuri kukifunga chako. Nenda."

Rahila alitoka hasira zimemzidi kuliko alivyoingia. Mtu aliyemcheka kwa lugha yake mbele ya watoto, kumbe lugha ile anaijua! Alikuwa akiicheka nafsi yake mwenyewe, kisha akawapa watoto walipe.

Darasani hakuwa na nguzo wala picha, lakini mdomo alikuwa nao. Asubuhi iliyofuata alisimama mbele ya wasichana, na kifusi kikiwa bado kwenye pembe ya ua, akawasimulia Kalinga upya, mwanzo mpaka mwisho. Alisema kwa nguvu. Aliwaambia kwamba jiwe likivunjwa maneno hayavunjiki, na kwamba mfalme mkubwa kuliko wote wa zama zake hakuona haya kukiri mbele ya dunia.

Bakhita akanyanyua mkono. Ilikuwa mara ya kwanza.

"Mwalimu, wale mateka aliwarudisha kwao?"

Rahila akafikiri. "Haikuandikwa popote kwamba aliwarudisha."

"Basi aliwaomba radhi?"

"Aliandika kwamba anajuta."

"Aliandika wapi? Kule kwao Kalinga?"

Hili ndilo swali aliloliogopa Rahila. Jibu alikuwa analijua. Alilisoma Bombay katika kitabu cha maktaba, na kila aliposimulia habari hii alilipita, kama mtu anavyolipita shimo lililo mlangoni kwake. Maneno ya majuto yalichongwa kwenye majabali ya mbali. Kalinga kwenyewe mfalme pia alichongesha jiwe, na mafundi wake wakatoa humo tembo mzuri ajabu, nusu ya mbele ya mwili wake ikichomoza kwenye jabali kana kwamba anatoka ndani yake. Maandiko yapo karibu na tembo huyo. Lakini lile la majuto, pale halipo. Limeachwa. Mahali pake pamewekwa maagizo kwa maofisa wake wawatawale watu kwa upole.

Angeweza kusema hajui. Watoto wasingejua.

"Hapana," alisema. "Kalinga hakuliandika. Aliwaandikia wengine. Kalinga aliweka tembo wa jiwe, na maneno kwamba watu wote ni wanawe."

Bakhita alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Hata bwana wetu alikuwa akisema hivyo. Nyinyi nyote wanangu. Wageni wakija alikuwa akiwaambia, hawa mimi siwaiti watumwa, hawa wanangu." Kisha maneno yakamtoka kwa pamoja. "Bibi yangu alikamatwa Bara mtoto kama Hamdiya. Akapitia Unguja, akaletwa huku. Amekufa hapa akiuliza njia ya kwao. Mwezi wa saba bwana alituita, akasema basi, mko huru, serikali imesema. Akatupa halua. Halua, mwalimu! Hakuna aliyesema neno jingine. Na siku ile ile alikwenda msikitini akawaambia watu kwamba siku zote moyo wake ulikuwa hautaki utumwa. Watu wakamsifu. Sisi tumeyasikia kwa watu."

Rahila alihisi uso unamwaka moto. Miaka yote alikuwa amejiweka upande wa watu wa Kalinga. Alikuwa na haki ya kukaa pale, kwani yeye alimkosea nani? Lakini Bara, kisha Unguja, kisha huku: njia ile aliijua. Nyumba ya babu yake ilikuwa katikati ya njia hiyo.

Alikwenda mpaka mlangoni, akakaa kwenye mkeka, mbele ya Bakhita, magoti yamekaribiana.

"Kwetu Unguja alikuwako Bi Masouda," alisema, na watoto wote wakisikia. "Alinilea. Mama yake alinunuliwa na babu yangu. Sisi tukisema Bi Masouda ni mtu wetu, na tulikuwa tukidhani hilo ni neno la mapenzi. Amekufa mwaka 1958, na hakuna katika sisi aliyemwambia kitu. Mimi sikumwambia kitu. Wewe siye yeye, siwezi kukuomba wewe radhi iliyokuwa yake. Lakini usije ukasikia kwa watu. Nnakwambia wewe, tulikosea."

Bakhita alimtazama usoni.

"Nimesikia," alisema. Hakusema amesamehe, na Rahila hakutaraji.

Wiki ile mji ulichachamaa. Hamdiya aliota kwa siku tatu mfululizo kwamba simba wamekuja kumlaumu, na Bi Mahbuba, mama yake, hakuwa mwanamke wa kulala na neno kifuani. Aliwakusanya mama wengine, wakakaa, wakasema, na kila mmoja akarudi kwa mumewe na maneno. Kwani mkaguzi gani huyu anawaliza watoto kwa nyundo? Kama ni makosa, si angemwita mwalimu faraghani? Waume waliwafikia wakubwa. Mwishowe siku moja baada ya alasiri Ustadh Aflah alifika nyumbani kwa Marhoon.

Marhoon alitoa kahawa na halua, kisha akamwita shemeji yake mlangoni mwa majlisi, chumba cha wageni. Uso wake uling'aa kwa faraja.

"Bi Rahila," alisema Ustadh Aflah, kwa Kiswahili, sauti ya chini. "Nimekuja kusema kwamba siku ile nilifanya haraka. Nilichoka, nilikuwa nimetoka safari. Ningeweza kulifanya jambo lile kwa njia nyingine. Nimekosa adabu kwako na kwa nyumba hii. Naomba yaishe."

"Yamekwisha, Ustadh, yamekwisha," Marhoon alisema haraka.

Rahila alimwona mkaguzi yule alivyokuwa. Hakuwa akidanganya. Macho yake yalikuwa mekundu, na kusema vile kulimgharimu. Mwezi mmoja nyuma angelipokea na kulia kwa shukurani, kwa kuwa ni mtu wa kwanza katika maisha yake aliyemkosea akaja mwenyewe kusema.

"Ahsante kwa kuja," alisema. "Lakini mimi hukunivunjia kitu. Nguzo ilikuwa yao. Kesho saa mbili wako darasani wote. Njoo uwaambie maneno haya haya."

"Rahila!" Marhoon alimaka.

"Kwa watoto?" Ustadh Aflah akasema. "Niende nikasimame mbele ya watoto na vijakazi?"

Neno lilimponyoka, akalisikia mwenyewe.

"Ndiyo," Rahila alisema. "Hao hao. Uliwalazimisha wasimame watazame. Ulisema ndiyo somo lenyewe. Sasa njoo ulimalizie. Ukiomba radhi hapa, kwenye mazulia ya shemeji yangu, mlango umefungwa, wao watajuaje? Wataambiwa na watu?"

Mkaguzi aliweka kikombe chini, kahawa nusu. Aliinuka, akamuaga Marhoon, akatoka. Marhoon alimfuata mpaka njiani akimwomba asichukie, na aliporudi alikuwa amejaa hasira.

"Mtu amejishusha mpaka amefika nyumbani kwako," alisema. "Unataka nini zaidi?"

"Afike kwao."

Saa mbili ya kesho yake Rahila alifungua mlango wa ua akauacha wazi. Hakuwaambia wasichana wanamngojea nani. Wakasoma hesabu, wakasoma imla. Hakuna aliyekuja.

Alikuja mtumishi wa Ustadh Aflah siku chache baadaye, na habari kwamba Bi Rahila anahamishiwa Qurayyat, mji mdogo wa pwani huko kusini, ambako kunataka kufunguliwa darasa la wasichana. Hakuna nyumba bado, hakuna mikeka, aondoke na gari la Jumatano. Kila mtu alijua maana yake. Bi Mahbuba alitaka kuwakusanya mama tena, Rahila akamwomba asifanye. Wasichana wa Qurayyat nao walikuwa wanataka mwalimu, na yeye hakuona kwa nini wao wakose kwa sababu mkubwa mmoja ameona haya.

Asubuhi ya safari Bakhita alifika kumsaidia kupakia. Alifunga magodoro kwa kamba, akakaza mafundo, akajifuta mikono.

"Ustadh Aflah alikuja skuli jana," alisema. "Wewe ulikuwa umekwenda kuaga."

Rahila aligeuka. "Alisema nini?"

"Hakusema kitu. Alisimama pale mlangoni akatutazama, kama anataka kuingia. Hamdiya akajificha nyuma yangu. Basi akaenda zake."

"Na wewe?"

"Mimi nilimwita," Bakhita alisema. "Nilimwita kwa Kiswahili. Nikamwambia, Ustadh, tupo. Akatembea tu."

Damu ilimpanda Rahila mpaka masikioni. Alitaka kurudi mjini wakati ule ule, akagonge mlango wa ofisi ile mpaka ufunguke. Dereva akapiga honi. Marhoon, ambaye siku zote zile hawakusemezana naye, alimfungulia mlango wa gari, akasema taratibu, "Njia ni mbaya, jishike vizuri," na macho yake yakaangalia pembeni.

"Ukimwita tena," Rahila akamwambia Bakhita, "mwite kwa sauti. Watu wasikie."

"Ntamwita kila akipita," alisema Bakhita.

Gari likaondoka, likapita lango, likaingia njia ya mawe kuelekea kusini. Rahila alikaa wima, mkono ameshika ubavu wa gari, hasira yake haijapoa hata kidogo. Kabla hawajafika wadi ya kwanza alikuwa ameshamuuliza dereva kama Qurayyat chokaa na mapipa matupu vinapatikana.